Kiroboto Aliyekataa Kulewa

Mwaka ule wa sabini na tatu kila kitu Tabora kilitakiwa kuzalisha, hata darubini. Barua ya mkoa ilisema wazi: chombo kisichomsaidia mkulima kihamie Urambo, kikachunguze wadudu wa tumbaku. Mwalimu Damas wa biolojia aliisoma mara tatu, akatukana mara moja, kimoyomoyo, kwa kuwa alikuwa mwanakwaya. Shule nzima ilikuwa na darubini moja tu. Wenzake walikuwa na wake; yeye alikuwa na ile.

Akapata wazo la kuibakiza: amwonyeshe mkaguzi wa mkoa, aliyekuwa njiani kuja kuamua, jinsi pombe inavyopunguza mapigo ya moyo. Nani mkoani asiyehubiri dhidi ya ulevi, walau asubuhi? Akapiga baiskeli mpaka Kwihara, akachota dimbwini viroboto-maji, vidudu kama punje ya ulezi, miili yao angavu kama kioo. Ukimweka mmoja chini ya darubini, moyo unauona ukidunda bila kumpasua mtu.

Spiriti ndiyo iliyomtoa jasho. Ya shule iliishia kwenye jiko la mwalimu mkuu. Dukani kwa Ratilal kulikuwa na viberiti na pole. Ikabaki gongo, pombe kali ya kienyeji aliyoipika Apolinaria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Na wewe umeanza?"

"Si yangu. Ni ya viroboto."

"Haya. Mwenzako wa hesabu, yake ni ya kuchulia goti."

Akajaziwa chupa.

Kesho yake saa nne asubuhi akaja mkaguzi, Ndugu Bundala. Yeye akashika saa, Damas akachungulia huku akitia nukta karatasini kwa kila pigo. Sekunde kumi na tano: nukta hamsini na nane. Akadondosha gongo. Hamsini na tisa.

"Yameongezeka," alisema Bundala.

"Ngoja kidogo, Ndugu Mkaguzi."

Akadondosha tena. Hamsini na nane. Tena! Kiroboto alichapa maji kama anayewahi shamba la kijiji.

"Kwa hiyo pombe haina neno?" Bundala aliuliza, akionekana kufarijika kuliko inavyompasa mkaguzi.

"Ina neno! Huyu ni mbishi tu."

"Mwalimu, moyo wenyewe umeshatoa ushahidi."

Damas akatoka mbio, akarukia baiskeli, akamkuta Apolinaria akipepeta mahindi.

"Mama, ulinipa nini?"

"Maji, nikayatia gongo kidogo. Anayeanza hapewi kali, mwanangu. Nawe ulivyokuja na hadithi ya viroboto, nikasema huyu ana aibu, hajawahi hata kunusa."

"Lakini nilikwambia kweli tupu!"

"Wote husema hivyo."

Akampa kali yenyewe, bure, kwa huruma. Damas akarudi anahema, akakuta dereva wa mkoa amekwishaegesha Landrover mlangoni. Akaomba dakika moja tu. Tone moja. Nukta thelathini na moja.

"Umeona? Umeona, Ndugu Mkaguzi?"

Bundala akachungulia, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. "Safi sana. Ungeanza na hii. Ila fomu ina nafasi ya jibu moja, nami nimeshaandika lile la kwanza na kutia sahihi."

Damas alikaza mwenyewe skrubu za sanduku la darubini ya kwenda Urambo, moja moja, maana dereva alikuwa amekuja na nyundo na misumari.