Bijou na Ardhi Isiyotulia

Harufu ya jasho la farasi iliyochanganyika na vumbi jekundu ningeitambua hata leo, ingawa Kolwezi, mji wetu wa migodi, sasa inanuka moshi wa malori na tindikali tu. Baba alikuwa mtunza farasi katika zizi dogo nje ya mji, mali ya mfanyabiashara mmoja aliyepanda mara mbili, akaumwa kiuno, asirudi tena kwenye matandiko. Farasi wenyewe walikuwa wachache na wakorofi, isipokuwa Bijou, jike wa kahawia mwenye kovu gotini. Huyo ungeweza kumkabidhi mtoto mchanga ukaenda sokoni. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi, na baba alikuwa ameniruhusu niache kumtembeza Bijou tu, nianze kumkimbiza.

Njia yetu ilipita kati ya vichuguu na miti ya miombo, kuelekea upande wa ziwa la Nzilo. Baba alitangulia juu ya dume lake jeusi, mimi na Bijou nyuma. Kila alasiri king'ora cha mgodi kililia, na punde baruti ikalipuka. Farasi wengine walipagawa. Lakini Bijou, baba alimfundisha kwa subira isiyo ya kawaida: king'ora kikilia asimame, mlipuko ukipita asubiri, mpaka miguu yake yenyewe imwambie kwamba ardhi imetulia. Hapo ndipo alipoachiwa hatamu. Basi akaja kuupenda mlipuko ambao wenzake waliuogopa. Nilimsikia akihema chini yangu, masikio mbele, nami nikishika manyoya ya shingo, kisha baba alinipazia sauti mimi bintiye: "Sasa, mama! Shikamana muzuri!" Tukaondoka shoti. Upepo ulinitoa machozi, nyasi kavu zikanichapa miguu, na nilicheka kama kichaa. Nyumbani tulikuwa watu wa ugali na majani ya muhogo, wa kuhesabiwa vipande vya samaki. Pale juu sikuwa na njaa wala woga.

Mwishoni mwa kiangazi, siku moja kama nyingine zote, king'ora kililia, baruti ikalipuka, baba akapaza sauti. Bijou hakuondoka. Nikambembeleza, nikampiga visigino, akabaki amesimama, ngozi ya mabega ikimcheza. Baba alirudi, amekasirika, maana hakuwahi kumwona akikataa.

"Anakatala nini, huyu?" akauliza. Alishuka, akapiga magoti, akaweka kiganja chini. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Kisha nyuma ya kichuguu akatokea kijana mwenye tochi kichwani, mwekundu kwa udongo toka nywele hadi vidole, akamwita baba kwa heshima:

"Tata, musipitishe farasi pale! Bantu beko chini!"

Ni kweli watu walikuwepo: chini ya njia yetu wachimbaji walikuwa wameshapitisha mashimo yao, wakigonga mawe kutafuta kobalti. Baruti ilikuwa imenyamaza, lakini nyundo zao hazikunyamaza, na Bijou alizisikia kwa kwato. Baba hakumgombeza kijana. Alimuuliza tu kama hawana mahali pengine. "Kazi ingine iko wapi, tata?" yule akajibu, na baba akageuka, akamshika Bijou hatamu.

Tulijaribu njia nyingine, na nyingine tena. Kila mahali Bijou alisimama akisubiri ardhi itulie, kama alivyofundishwa, nayo haikutulia. Hakukimbia tena. Mwenye mali alipouza zizi, farasi wengine walipakiwa kwenye lori kwenda Lubumbashi. Farasi asiyekimbia hakutakiwa, akaachiwa baba, ambaye hakuwa tena na kazi ya kumlishia. Bijou alikufa mvua za kwanza, amesimama mpaka siku yake ya mwisho. Nililia mpaka nikatapika. Baba hakulia, ila toka hapo sikumwona akiinua uso anapotembea.

Zizi sasa ni shimo, na njia yetu ni shimo, na mimi ninaishi mtaa ambao jirani anachimba sebuleni kwake, nyuma ya pazia. Ukuta wangu umepasuka toka dirishani hadi sakafuni. Nimeuziba kwa saruji, umepasuka tena. Mume wangu anasema tuhame. Nikimuuliza wapi, anageuka na kutoka, kama baba alivyogeuka mbele ya yule kijana. Mwanangu ana miaka kumi, ana miguu mirefu, anapenda kukimbia. Kila akianza uani namkemea atembee polepole, naye ananiangalia kama mtu aliyekosewa, na ana haki. King'ora bado kinalia alasiri. Baruti ikishapita naacha ninachopika, naweka kiganja sakafuni. Wanagonga. Bijou angekataa kukaa hapa hata dakika moja. Mimi nainuka, nasonga ugali, nawaita watu wangu waje wakae chini, wale.