Mchuzi Uliongoja Wazee

Siku wazee walipokuja kuzungumza mahari yangu, nilipewa kazi moja tu: mchuzi wa vitunguu. Nyama mama alikuwa ameshaichemsha tangu asubuhi, kuku walikuwa tayari, na ugali ungesongwa mwishoni. Mchuzi wa kumwagia juu ya hivyo vyote ulikuwa wangu, kwa sababu katika ukoo wetu msichana hupimwa kwa mchuzi kabla hajapimwa kwa jambo lingine. Aliyeamua hivyo simjui, lakini nina hakika hakuwa mtu wa kupika.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Eldoret si ya kuchezea. Mvua ilikuwa imeanza asubuhi mapema, matope ya Yamumbi, mtaani kwetu, yamefika mlangoni, na viatu vya wageni vilipangwa barazani juu ya gunia. Nyumba ya babangu ni ya karani aliyetoka magharibi kutafuta kazi kiwandani akajenga kidogo kidogo. Jikoni kwetu na sebuleni kunatenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Ukipiga chafya huku, unaombewa baraka kule.

Kitunguu cha mchuzi huu hakikaangwi, kinabembelezwa. Unakikata chembamba, unakitia kwenye mafuta, makaa yawe machache, halafu unakaa nacho kama unavyokaa na mgonjwa. Kwanza kinalegea na kutoa maji, kisha kinaanza kupata rangi. Ukiharakisha kinaungua pembeni huku katikati kikiwa kibichi, na uchungu huo hautoki hata uongeze nini. Senge yangu, dada mkubwa wa baba, hakuwa na muda wa kubembeleza kitu.

“Si uweke tu ile mchuzi ya pakiti tumalize?” alisema. “Chelewa chelewa utapata mwana si wako.”

Mama aliichukua ile pakiti mezani akaitia mfukoni mwa aproni yake.

Mwanangu wa kike alikuwa chumbani, akichora. Alikuwa na miaka mitano. Babake alijiondoa kabla hajazaliwa, na sina la kusema juu yake. Senge ndiye aliyeamua mtoto asionekane. “Wacha waone msichana kwanza,” aliniambia, na mimi nikakubali kwa sababu niliona hakuna neno. Mchumba wangu alimjua. Alikuwa na duka la fotokopi huko Kesses, karibu na wanafunzi wa chuo kikuu, na kila Jumamosi alikuja akambeba mabegani mpaka duka la jirani kununua mandazi. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumwita baba. Tulikuwa tumepanga kuhamia Kesses sisi watatu, na mtoto alikuwa ameshachagua ukuta wa kubandika michoro yake.

Kwetu wageni wa mahari hupewa chai tu. Chakula hungoja makubaliano, na kikishaletwa, maneno yamekwisha. Kwa hiyo nilisikiliza huku nikikoroga. Habari za ng’ombe zilikwenda vizuri, wazee wakataniana, mtu akacheka mpaka akakohoa. Vitunguu vyangu vilikuwa vimefika rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikanyunyizia unga wa ngano, nikaanza kuukoroga uive.

Ndipo msemaji wao, mjomba wa mchumba wangu, aliposafisha koo.

“Mzee, kuna kitu moja imebaki. Ni hii maneno ya mtoto.”

Nikasikia akivuta kiti, kisha akaendelea.

“Msichana tumempenda, hiyo haina shida. Lakini mtoto abaki hapa kwa nyanya yake. Boma yetu haiwezi anza na damu ya watu wengine. Mamake akitaka kumwona, atakuja amwone. Hakuna mtu atamkataza.”

Unga ukiwa kwenye mafuta huwezi kuuacha, unaungua mara moja. Mkono wangu ulikoroga, lakini mimi mwenyewe sikuwa pale. Nilikuwa nangoja sauti ya mchumba wangu. Ni mtu wa maneno yule, anaweza kubishana na wanafunzi kumi juu ya kurasa zilizotoka hafifu. Nilingoja. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, nikasikia mvua kwenye mabati. Yeye sikumsikia.

Babangu alivuta pumzi. “Hiyo ni maneno nzito,” alisema. Kisha, polepole: “Lakini hapa hatakosa chakula. Hata sisi tumemzoea.”

Nilimkasirikia babangu vile sijawahi kumkasirikia mtu. Nikamwaga supu ya nyama kwenye sufuria kwa hasira, yote kwa mkupuo, na mchuzi ukafanya madonge. Nikaanza kuyaponda kwa mwiko, moja moja, machozi yakiniingia mdomoni.

Senge alikuwa ameshaanza kupanga sahani. “Umeskia? Imeisha. Pakua.”

“Haijaisha, Senge.”

“Kwani wewe ndio wa kwanza? Ni watoto wangapi wamelelewa na nyanya zao na wako sawa?”

Mama alikuwa akipangusa sahani. Hakugeuka. “Mimi nililelewa na nyanya,” alisema. “Mamangu aliolewa kwingine, alikuwa anakuja Krismasi. Nilikuwa namsalimia kama mgeni.”

Akachukua sahani nyingine, akaendelea kupangusa. Nimeishi na mama maisha yangu yote na jambo hilo sikuwa nimelisikia.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kidogo. Alikuwa mchumba wangu, ametoka kama mtu anayekwenda msalani, mabega yamelowa. Mkwe hakaribii jiko la mama mkwe, na mama alipomwona alijifunika uso kwa leso akaelekea ukutani.

“Toa tu chakula,” alininong’oneza. “Hii tutaongea mimi na wewe baadaye.”

“Mbona hujaongea saa hii?”

“Ni wazee, si unajua. Siwezi pinga wazee mbele ya watu.”

“Na mtoto nitamwambia nini?”

“Bado ni mdogo. Atasahau.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole ule ule ulionifanya nimpende. Alirudi sebuleni. Mchuzi ulikuwa umeanza kushika sufuria, nikauongezea supu kidogo, nikauonja. Ulikuwa mtamu. Nilitamani uwe mbaya.

Babangu akaniita.

Nilijipangusa mikono nikaingia. Wazee walikuwa wameketi kwa safu, harufu ya mchuzi ikaingia pamoja nami, na msemaji alikuwa ameshakunja mikono ya shati tayari kunawa. Mchumba wangu alikuwa mwishoni, karibu na mlango.

“Msichana wangu,” babangu alisema, “hawa watu tumeongea nao. Sasa ni wewe tunauliza. Tule ama tusile?”

Kila msichana huulizwa hivyo, na jibu linajulikana: tule. Nimehudhuria sherehe nyingi za namna hii na sijasikia msichana akijibu vingine. Wengine hujibu huku wakicheka, na akina mama hupiga vigelegele kabla hawajamaliza. Nilimtazama mchumba wangu ili nimpe nafasi ya mwisho. Alikuwa anatazama soksi zake.

“Kama mtoto wangu anabaki, baba,” nikasema, “tusile.”

Kule jikoni nilisikia Senge akisema, “Yesu wangu.”

“Mzee,” msemaji alisema, akishusha mikono ya shati, “huyu msichana wako ana mdomo.”

Babangu alinitazama. Nilijua angenigombeza, na nilikuwa nimejiandaa. “Nimeuliza,” alisema, “na amejibu.”

Waliondoka kwenye mvua. Senge aliwafuata mpaka getini akiwaomba angalau wafungiwe kuku, wakakataa. Mchumba wangu alikuwa wa mwisho. Alisimama kando ya gari, akageuka kutazama nyumba, na kwa muda huo mfupi moyo wangu ulimwita kwa nguvu zote. Kisha akaingia, wakaenda.

Mwanangu alitoka chumbani aliposikia gari likiondoka, mkononi ana karatasi yake. Alitazama meza na sahani safi zilizopangwa juu yake.

“Baba ameenda bila kula?”

Nikamwambia ndiyo.

“Atarudi kula kesho?”

Babangu, ambaye hakuwa ameinuka kitini tangu wageni watoke, ndiye aliyemjibu mjukuu wake. “Harudi, mama. Kuja tukule.”

Alikuja, akaketi karibu na babu yake, lakini chakula hakukigusa. Alilia, akimlilia mtu niliyemfukuza kwa ajili yake.