Funga, Uweso

Kabla hujamjua Mboni binti Msafiri, ijue kwanza Ngao ya Pwani, maana ngao hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani kwake bila kupiga hodi.

Ilikuwa ngao ya mbao iliyovikwa bati la fedha. Tajiri mmoja wa mkonge aliitoa mara vita vya Hitla vilipokwisha, ili vilabu vya mpira vya Tanga, Pangani, Muheza na Korogwe viigombee kila mwaka. Pangani waliichukua mwanzo. Kisha ikaenda Korogwe, na mwaka uliofuata mvua zikakata barabara, halikupatikana lori la kwenda kuirudisha. Watu wa Korogwe wakaitundika hotelini juu ya birika la chai, wakadai wameshinda tena. Baadaye ikaja zamu ya Nyuki, kilabu cha mtaa wa Nguvumali mjini Tanga, walioibeba mara mbili mfululizo. Sheria ya ngao ilikuwa wazi: atakayeichukua mara tatu mfululizo ni yake milele. Mwaka 1956 Nyuki wakaingia fainali tena, na waliokutana nao ni Marahaba ya mtaa wa Ngamiani, hapo hapo Tanga.

Marahaba walijipa jina hilo kwa kiburi. Walisema wao ndio wakubwa wa mpira pwani nzima, wengine wote wawaamkie. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kuigusa hiyo ngao hata kwa kidole. Watani wao wa Nguvumali walikuwa wakipita barazani kwao wakisema, "Hamjambo, watoto?" na mara nyingi ugomvi ulikuwa karibu.

Katika mashabiki wote wa Marahaba hakuna aliyekuwa na moto kama Sadalla Mwinyijuma, mpika halua. Yeye mwenyewe hajapata kupiga hata mpira wa matambara, lakini Marahaba wakifungwa halua yake iliungua. Mboni alikuwa mkewe. Na mfungaji hodari wa Nyuki, yule kijana wa miguu myembamba ambaye magolikipa walimwota, alikuwa Uweso, mdogo wake Mboni, wa tumbo moja, ndugu pekee aliyebaki naye duniani.

Basi usidhani nyumba ile ilikosa maneno.

Wanaume wengine huapa kwa Mungu, wengine kwa makaburi ya wazazi wao. Sadalla aliapa kwa ndoa yake. Wanaume wa namna hiyo mimi siwaelewi. Mtu ana mikono, ana macho, ana duka la halua, anaacha vyote hivyo anaweka rehani mke. Talaka ya kwanza ilitoka kwa sababu ya wali. Aliapa mbele ya wageni kwamba wali hauna chumvi, na kama unayo basi Mboni si mkewe; mgeni mmoja, mtu mkweli kupita kiasi, akauonja akasema unayo. Ya pili aliapa kwamba Mboni hatatia mguu kwenye harusi fulani ya Chumbageni, naye Mboni wakati huo alikuwa ameshafika, amekaa, anapokea sahani.

Mara zote mbili Mboni alifunga nguo zake akaenda kijijini kwao Moa, kwenye nyumba aliyoachiwa na mama yake. Akakaa eda huku akisuka ukili wa mikeka na wanawake wenzake, mlango wazi kutwa, kuku na majirani wakiingia watakavyo. Na mara zote mbili, eda haijaisha, Sadalla alikuja na sinia la halua na machozi, akasema mbele ya mashahidi, "Nimekurejea." Mwanamke haulizwi katika hilo. Mboni alipanda lori akarudi.

Sadalla hakuwa akimpiga, wala hakumnyima chakula. Lakini alimtawisha kweli kweli. Akienda Korogwe na halua yake alitia kufuli mlango wa mbele, ufunguo akamwachia mama yake, Bi Chiku. Bi Chiku naye aliuning'iniza shingoni pamoja na hirizi. Mboni alilijua kila jiwe la ua ule, na aliuchukia kwa moyo wake wote, lakini angemwambia nani? Kila mtu mtaani alimwona ana bahati. Mume amemwacha mara mbili, na mara mbili amemrudia akilia. Mapenzi gani tena anataka?

Wiki ya fainali, kijana wa Nguvumali alipita barazani akasema, "Hamjambo, watoto? Ijumaa tutawafunga kama kawaida." Sadalla akasimama. Watu walimshika kanzu, wakamwambia akae, hakukaa. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni kwamba Marahaba ikifungwa Ijumaa, Mboni ameachika, talaka ya tatu.

Ya tatu haina kurejea. Sadalla mwenyewe alipokwisha kusema alikaa chini. Walikwenda kumuuliza Shekhe, naye alisikitika sana, akasema neno limeshatoka, sasa linaning'inia kwenye mchezo, na hakuna wa kulishusha.

Habari ilipofika jikoni, Mboni alikuwa anapepeta mchele. Aliinamisha kichwa, na wanawake waliokuwapo wakadhani analia. La. Alikuwa anaficha uso, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliona mlango, na mlango wenyewe uko wazi. Akaona Moa. Akajiona amekaa kizingitini na ukili wake, hakuna wa kumwambia nimekurejea.

Kuanzia hapo hakupata nafasi ya kupumua. Majirani walikuja kumfariji makundi kwa makundi. Mwatumu wa nyumba ya pili alileta ubani. Bi Chiku aliita walimu wakasoma dua chumbani kwa Mboni, Marahaba ishinde, nyumba isivunjike, na Mboni mwenyewe akatakiwa aitikie amina. Aliitikia. Moyoni alimwomba Mungu asiisikie amina ile, kisha akaogopa kwa kuomba hivyo.

Alhamisi asubuhi akaja Uweso. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile.

"Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba," akajibu Bi Chiku. "Na kesho pia mtatuamkia hivyo hivyo, inshallah."

Uweso hakucheka. Alikaa mkekani, akapewa kahawa, hakuinywa. Mboni alijua alichokuja kuuliza. Wenzake wa Nyuki walikuwa wanasubiri ngao iwe yao milele. Walikuwa wameshapanga wataitundika wapi. Na aliyetakiwa kuwaletea ndiye huyu, ambaye bao lake moja lingemvunjia dada yake nyumba.

"Dada," akasema Uweso, "mambo ya kesho, wewe unasemaje?"

"Aseme nini?" Bi Chiku alidakia. "Mwanamke anataka nini zaidi ya nyumba yake isimame? Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima, baba?"

"Namuuliza yeye, Bi Chiku."

Mboni alifungua kinywa. Bi Chiku alikuwa amekaa kati yao, ufunguo kifuani, anamtazama. Kusema kwa Kidigo cha kwao kusingesaidia. Bibi yule alikisikia Kidigo kama Kiswahili. Na mwanamke akisema kwa kinywa chake, mbele ya mama mkwe, kwamba anataka kuachwa, atalala wapi usiku huo, na Marahaba wakishinda ataishi vipi humo maisha yake yote? Akafunga kinywa.

Uweso akangoja, kisha akanyanyuka. Alikuwa ameshatia mguu nje Mboni aliposimama ghafla.

"Uweso," akamwita. "Funga."

Uweso aligeuka. "Nifunge?"

"Funga, mdogo wangu. Usisite. Funga kabisa."

"Na avute kwa nguvu," Bi Chiku akaongeza. "Mlango wenyewe umevimba, na kuku wanaingia."

Uweso alimtazama dada yake, kisha akautazama mlango. Mboni alimkazia macho mpaka yakamuuma. Mdogo wake akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa, akatoka. Mlango ukavutwa, komeo likaingia.

Siku ile Mboni alifanya kazi zake kwa furaha hata Bi Chiku akasema dua zimemtuliza. Alikunja nguo zake, zile alizokuwa akienda nazo Moa, akaziweka juu ya sanduku.

Ijumaa baada ya sala mji mzima ulikwenda uwanjani. Mboni alibaki uani na Bi Chiku, wakisikiliza kelele zikipanda na kushuka. Mchezo ulikuwa unaelekea mwisho, hakuna aliyefungwa, Mwatumu alipokuja anahema kutoka njiani.

"Nyuki wamepewa penalti," akasema. "Anapiga Uweso."

Bi Chiku alikaa chini akashika hirizi yake. Uweso hajawahi kukosa penalti, watoto wa madrasa walilijua hilo. Mboni aliegemea ukuta. Akasema kimya kimya, funga, funga, funga.

Kelele iliyokuja ilikuwa kubwa, ila ilitokea upande waliokaa watu wa Ngamiani. Mpira ulikuwa umepita juu, juu sana, ukaenda kuangukia relini. Waliokuwa karibu walisema Uweso aliangalia mbingu kabla ya kupiga. Nyuki walikuwa bado wameshika vichwa Marahaba walipopiga kona, mtu akaruka, bao likaingia.

Ngao ililetwa Ngamiani kwa matarumbeta. Sadalla aliingia nyumbani akilia, kanzu yote vumbi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Akapiga magoti mbele ya mkewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akamwita Shekhe awe shahidi. Akasema Mungu amemsitiri, na tangu leo neno la talaka halitatoka kinywani mwake, wala kwa hasira wala kwa mzaha, mpaka siku atakapoingia kaburini. Watu wakaitikia amina. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamkumbatia Mboni, wakamwambia haya, lia mwanangu, lia, hiyo ni furaha. Akalia sana.

Uweso hakuweza kukaa tena Nguvumali. Nyuki hawakumpiga, waliacha tu kumwita kwa jina. Akaenda kukata mkonge huko Korogwe, na alipokuja kumsalimu dada yake ilikuwa Idi. Bi Chiku alikuwa ametoka kupeleka sahani kwa jirani, akatia kufuli. Basi ndugu hao wakazungumza mmoja huku, mwingine huko, ubao wa mlango katikati.

"Najua wewe hukuweza kuniomba," Uweso akasema. "Nikaona nikuombee mimi mwenyewe. Sijuti, dada. Nyumba yako imesimama."

Mboni aliweka kiganja juu ya ubao.

"Uweso, mimi nilikwambia ufunge."

Sauti ya mdogo wake ikaja kutoka upande wa pili, ya mtu asiyejua amekosea wapi.

"Niliufunga, dada. Nilivuta mpaka komeo likaingia."