Chupa ya Kuongeza Damu

Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchonga mawe kule Murera, na nyundo hiyo ndiyo ilinijengea nyumba za kupangisha hapa Mugutha. Kwa hivyo usinifundishe kuona. Jiwe likipinda kidogo tu, jicho langu linajua kabla kamba haijavutwa.

Na mjukuu wangu nilikuwa nimemwona kitambo. Ni msichana wa miaka saba, amepewa jina la marehemu mke wangu, kwa hivyo namwita bibi yangu. Mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka minne. Ukimtuma chumvi anarudi mikono mitupu, anacheka. Alichofundishwa leo, kesho kimepotea. Na kati ya pua na mdomo, pale kila mtu ana kamfereji, kwake palikuwa laini kama ukuta uliopigwa plasta. Niliona, nikanyamaza.

Halafu shule ikatuma barua. Watu wa afya wangekuja ukumbi wa kanisa huko Ruiru kupima watoto, kutafuta wale walioumizwa na pombe wakiwa tumboni. Mwanangu, dereva wa lori, aliisoma akamgeukia mkewe mbele yangu.

"Ikipatikana ulikuwa unakunywa nikiwa safarini, utarudi kwenu Thika. Mtoto atabaki."

Yule msichana wa watu alitazama sakafu. Mimi hakunitazama kabisa, na hilo ndilo lilinitia baridi.

Kwa sababu alipokuwa na mimba hiyo, kliniki walimwambia damu imeshuka. Mke wangu alikuwa ameshakufa, nikajitwika kazi ya mama mkwe. Sisi tulikua tukiambiwa bia nyeusi inaongeza damu. Basi kila jioni nilimletea chupa moja, nikakaa kwenye stuli mpaka aimalize. Alikuwa anaziba pua.

"Kunywa, mama. Hiyo ni dawa."

Utakataaje kitu kutoka mkono wa baba mkwe, na paa unalolalia ni lake?

Siku ya kupimwa tulienda wanne. Nesi alikuwa msichana mdogo, mpole. Alimpima mtoto uzito na urefu, akamzungushia utepe kichwani, akamwekea rula ndogo ya plastiki karibu na jicho, pembe hadi pembe. Kisha akashika kadi yenye picha za nyuso, akawa anailinganisha na mdomo wake. Bibi yangu akacheka, eti anatekenywa. Nesi hakucheka. Nikajua. Fundi akipima mara mbili bila kusema neno, ukuta umepinda.

"Mama," nesi akasema, "ulipombeba huyu, ulikunywa pombe? Hata kidogo? Hapa hatugombani na mtu. Jibu lako litamwonyesha daktari pa kuanzia."

"Hapana."

Nyuma yangu nilisikia mwanangu akishusha pumzi. Kalamu ikagusa karatasi. Ningenyamaza hapo, tungerudi nyumbani salama sote isipokuwa mmoja. Huyo angerudi darasani kuitwa mjinga mpaka aamini.

"Usiandike hiyo," nikasema.

"Guka, tafadhali, nimeuliza mama," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu.

"Na mimi nimekujibu. Alikunywa. Chupa moja kila jioni, tangu tumbo lionekane mpaka azae. Mimi ndiye nilimpa, na nikamlinda amalize."

"Baba, wacha," mke wa mwanangu akanong'ona.

Mwanangu alisimama. "Baba, unasema nini?"

"Nasema ulichosikia. Ukitaka kufukuza mtu, anza na mimi. Lakini ujue ploti ni yangu."

Alitoka nje. Nesi akakata alichoandika, akaandika upya. Alisema mtoto ataonwa na daktari wa watoto Thika, yeye peke yake hawezi kuamua ni nini. Alisema kama ni pombe, madhara yake hayafutiki, ila akijulikana mapema atafundishwa kwa njia anayoiweza. Halafu akaniangalia.

"Guka, kuna mama mwingine ulimshauri hivyo?"

Nilikuwa nazunguka vyumba vyangu kichwani, mlango kwa mlango. Kila mpangaji aliyekuwa na mimba nilimwambia siri ya bia nyeusi. Nilijivunia. Wengine niliwanunulia.

Nilipotoka, benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto. Mmoja akainuka haraka, akanipa mkono kwa heshima. Alipanga kwangu miaka miwili, na mimba ilimkuta huko.

"Guka! Na wewe umemleta wako? Kaa hapa, nikupishe. Hawa watu wanatusumbua bure tu."

Mtoto wake alikuwa amelala begani, uso umenielekea. Nilimwangalia chini ya pua. Niliangalia kwa muda mrefu, kama ninavyoangalia jiwe.

Nikakaa. Nikamwambia, "Mama, wakikuuliza kama ulikunywa, usiseme hapana. Na wakikuuliza nani alikwambia, mimi nipo hapa."

Tabasamu lake likafifia polepole. Mlangoni, nesi akaita anayefuata.