Kasha Lisilo na Utepe

Kazini wanamwita Mama Tepe. Darubini ya mlimani ikishalitazama shimo jeusi lililo mbali kupita nyota zote tunazoziona, diski zenye kumbukumbu hupita mikononi mwake. Huzilaza ndani ya kasha lenye sponji, akafunga utepe mwekundu, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, akazipeleka maabara kwa lori. Huko huunganishwa na za milima mingine, maana kwa umbali ule jicho moja halitoshi. Kikipatikana kivuli cha shimo, kitapimwa: kikilingana na nadharia ya uvutano, nadharia itasimama, kikizidi au kupungua, wataalamu watakuna vichwa.

Asubuhi moja alikuwa amefuta diski za makasha yote ya stoo yasiyo na utepe, zitumike upya. Ndipo maabara wakapiga simu.

"Dada, kasha moja la wiki iliyopita diski zake ni tupu."

Maji yalizidi unga. Kama tupu zilikwenda, zilizojaa zilibaki, naye asubuhi nzima amekuwa akifuta. Akateremka mbio hadi gereji, alikomkuta shemeji yake ameketi, anakunywa chai.

"Shemeji, wiki iliyopita ulipakia makasha gani?"

"Yenye utepe, kama ulivyonifundisha. Mmoja niliukuta umeanguka, nikaufunga kwenye kasha lililokuwa karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu na mimi."

"Na hukushtuka kulibeba?"

"Yana uzito mmoja yote. Kumbe habari za mbinguni hazina kilo?"

Mama Tepe hakucheka. "Lililobaki bila utepe ulilirudisha stoo?"

Dereva akaweka kikombe chini, akainuka polepole, akatazama alipokuwa amekaa.

"Kiti chetu kilivunjika mguu," akasema.

Mama Tepe akapiga magoti, akalifungua kasha. Diski zilikuwa zimelala salama, kila moja na lebo aliyoiandika kwa mkono wake. Akaketi sakafuni kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

"Unalia, shemeji?"

"Napumua. Nipe utepe, kisha washa lori."

Miezi ikapita. Siku moja mtaalamu mkuu alishuka stoo akitabasamu: kivuli kimepimwa, nacho kimekubaliana na nadharia.

"Uvutano bado ni ule ule," akasema.

"Mngeniuliza mimi," dereva akajibu. "Nililikalia lile kasha wiki nzima, sikuelea hata kidogo."