Udongo wa Kituo cha Tatu

Lorraine Pavlik ana miaka sabini na sita na ana hasira, na mimi ninayesimulia habari zake sijapoa pia. Kwa hiyo asitegemee mtu kusikia upole hapa.

Mara ya kwanza kupelekwa uwanjani alikuwa na miaka sita. Mama yake alikuwa anajifungua, na baba hakujua amwache wapi mtoto. Jioni ile mdogo wake alizaliwa na Wahunzi wakafungwa, na Lorraine alilia kwa hilo la pili. Wahunzi ndiyo timu yetu ya besiboli hapa Tarrow, Ohio: timu ya daraja la chini kabisa, ya vijana wanaopita kwenda timu kubwa au wanaorudi kwao kuuza magari. Kiwanda cha chuma kilifungwa, maduka yakafungwa, Wahunzi wakabaki.

Aliendesha basi la shule miaka thelathini na minne. Kila likizo yeye na mumewe, Gene, walipanda gari lao bovu kwenda kuona viwanja vya miji mingine. Waliona arobaini na viwili. Alivihukumu bila huruma: hiki nguzo zinakuziba macho, hiki soseji zake baridi, hiki mashabiki hawapigi makofi mpaka ubao wa matangazo uwaambie. Kisha alirudi Tarrow, akakaa kwenye kiti chake cha mbao nyuma ya kituo cha tatu, kile cha mwisho kabla mkimbiaji hajarudi alikoanzia, penseli sikioni na daftari la matokeo pajani, akasema, "Haya, sasa ndiyo niko uwanjani."

Na mdomo! Mimi Rudy nimeuza karanga kwenye ngazi zile miaka thelathini na mmoja, na sauti yake niliisikia nikiwa upande wa pili.

"Refa! Hayo macho umeazima? Mrudishie mwenyewe, anayatafuta!"

Gene alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa pembeni akimenya karanga zangu na kutabasamu. Alipougua mara ya mwisho alimwambia mkewe, "Usinipeleke makaburini, Lori. Kule kimya mno. Niweke penye kelele."

Alipokufa mwili wake ulichomwa uwe majivu, na Lorraine akaja kwangu kuomba mfuko mtupu wa karanga. Sikumwuliza wa nini. Jumapili moja, baada ya mechi, mashabiki waliporuhusiwa kushuka na kutembea uwanjani, alikwenda mpaka kituo cha tatu, akainama kana kwamba anafunga kamba za kiatu, akamwaga majivu na kuyachanganya na udongo kwa mguu. Sheria za klabu zinakataza. Otis, mtunza uwanja, aliona yote. Akawapa watu mgongo, akavuta mpira wa maji na kupamwagilia pale taratibu.

Kwa miaka tisa, kila mechi, Lorraine alipiga kelele na kumalizia, "Umeona hiyo, Gene?"

Halafu timu ikanunuliwa. Mwenye timu mpya, bwana mmoja aitwaye Sallow ambaye sijawahi kumwona akila hata karanga moja, aliamua kuweka nyasi za plastiki, eti mvua isizuie biashara. Mwezi wa tatu tingatinga likaingia. Otis alikuwa ameshafukuzwa. Lorraine alikuwa kitandani na goti jipya la chuma. Mimi nilijua. Nilisimama nje ya uzio nikaona kituo cha tatu kinachotwa na kupakiwa kwenye lori, nikaenda nyumbani, sikumwambia. Nilisema moyoni, apone kwanza. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Siku ya mechi ya kwanza, Jumapili mchana, alifika na fimbo. Alisimama juu ya ngazi akatazama lile zulia la kijani kibichi, kijani ambacho hakuna ng'ombe angekikubali. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Rudy. Ulijua?"

"Bi Lorraine, goti lako..."

"Nimekuuliza goti? Miaka thelathini unanipigia makelele ya karanga sikioni, na siku moja ya kufungua mdomo ukaufunga! Mwoga mkubwa wewe. Yuko wapi mume wangu?"

Wakati huohuo alipita mwanamke mwenye mfuko wa duka la klabu, na mkononi ana chupa ndogo yenye maandishi: *Udongo halisi wa kituo cha tatu. Dola 25.*

Lorraine alishuka ngazi zile kama hana goti wala fimbo. Dukani, chupa zilikuwa zimepangwa mpaka dari. Meneja, kijana aitwaye Colby Renshaw, alikuja mbio akitabasamu.

"Karibu, mama! Ukichukua mbili, kofia bure."

"Nachukua zote. Na silipi."

"Samahani?"

"Siwezi kumnunua mume wangu, kijana. Nilishaolewa naye."

Alisema yote, mbele ya foleni nzima: majivu, mfuko, kamba za kiatu. Watu wakatazama chupa walizoshika. Mzee mmoja akairudisha yake rafuni kwa mikono miwili. Colby akafuta jasho.

"Mama, pole sana. Lakini kusema kweli, huu ni udongo tu."

Lorraine akafungua chupa, akamimina kiganjani, akasugua kwa dole gumba. Akanusa. Uso ukabadilika.

"Udongo wa Otis ni mwekundu. Alichanganya tofali za kiwandani alizosaga mwenyewe. Ukikanyaga Jumapili, unatoka kiatuni Jumatano. Huu mweusi ni wa kupandia maua! Mwizi wewe! Mmemchimba Gene wangu, halafu mkashindwa hata kumwuza?"

"Ule mwingine ulikuwa na uchafu, mama," Colby alinong'ona. "Maganda ya karanga. Tuliumwaga nyuma ya kiwanda cha zamani."

Foleni yote ikaanza kudai pesa zake. Hatukungoja.

Niliendesha gari, trei ya karanga bado shingoni. Nyuma ya kiwanda tulikuta rundo jekundu la udongo, refu kuliko mimi, magugu yameshaanza kuota juu yake, na maganda ya karanga yamejitokeza kila mahali. Hakukuwa na mtu. Hata upepo haukuwepo. Kimya kile kilimwumiza zaidi ya tingatinga, nilimwona. Alisimama ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Aliniomba kitu kimoja tu," akasema. "Kimoja."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa kuwa sikujua la kufanya, nilifungua milango yote minne ya gari na kuwasha redio. Mechi ilikuwa inaendelea. Mtangazaji akasema mchezaji wetu amekimbilia kituo cha tatu, ameteleza, ametimua... akasita, maana plastiki haitimui vumbi. Refa akasema ametoka, zamu yake imekwisha.

"NINI?" Lorraine alichomoa penseli sikioni akaielekeza kwenye redio. "Ametoka wapi? Refa, hayo macho umeazima? Mrudishie mwenyewe!"

Sauti iligonga ukuta wa kiwanda ikarudi. Akanigeukia, macho mekundu.

"Na wewe umesimama tu? Miaka thelathini na mmoja! Fanya kazi yako!"

Nikainua trei. Mbele ya rundo lile, mchana kweupe, nikapaza sauti mpaka koo likauma:

"Karangaaa! Karanga za moto!"

"Zaidi, Rudy," akasema Lorraine. "Hajasikia."