Wimbo Niliomfasiria Mwenzangu

Dereva wa basi letu la kazini huko ughaibuni, la kutoka Muaither kwenda hotelini Al Sadd, alikuwa na wimbo mmoja wa zamani wa Kiingereza, gitaa na mwanamume mwenye sauti ya mafua, na aliupiga kila asubuhi. Mwenzangu wa chumba, msichana wa Tanga niliyekuwa nikisafisha naye vyumba, aliupenda hadi akaurekodi kwenye simu.

"Shoga, huyu mzungu analilia nini?" akaniuliza.

Mimi wa Nakuru, niliyemaliza kidato cha nne, ningekubalije kwamba sijui? Nilimringia kwanza kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenasa maneno matatu tu, baba, nyumbani na barabara. Yaliyobaki nikayashona mwenyewe.

"Anaambia babake asijali, ako njiani anarudi."

Machozi yakamlengalenga. Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na ulikuwa mwaka wa tatu hawajaonana. Akamtumia wimbo ule bila kuongeza neno, akisema Mwalimu atajifasiria mwenyewe. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Jioni mzee akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Nimekuelewa, mwanangu. Mungu akulinde huko uliko." Tukaona ni baraka, tukafurahi.

Wiki mbili baadaye niliusikia wimbo ule ule mapokezi, nikajitia kumweleza Mganda aliyekuwa zamu. Akacheka. "Huyo harudi, dada. Anamwambia mzee asimungoje tena, kitanda chake wampe mutu mwingine."

Niliona aibu, tena aibu ya kijinga: niliogopa kuchekwa, basi. Nikasema nitamwambia mwenzangu Ijumaa, siku yetu ya mapumziko. Ijumaa nikafua nguo. Ijumaa iliyofuata nikafua tena.

Kisha kaka yake akapiga simu. Mzee alikuwa ameugua siku tisa, na walikuwa wameshamzika. Mwenzangu akapiga kelele, mbona hawakumwambia, angalau aisikie sauti yake? Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo jibu nililisikia na mimi. "Baba alitukataza. Alisema tusikusumbue, wewe ulishamuaga."

Aliiacha simu kitandani, akanigeukia, uso umemvimba kwa kulia. "Nilimuaga lini mimi, shoga yangu? Niambie, lini?"

Nilijua. Nilimkumbatia kwa nguvu, nikamwambia sijui.